Mzigo Hai

Rijswijk, ghorofa ya saba, mvua imeegemea kioo.
Tjitske anaandika katika kisanduku cheupe:
kiti cha mtoto, baiskeli, hukunjika.
Mashine inawaza nusu sekunde,
inajibu kwa adabu ya karani aliyechoka:
Hakuna kilichopatikana.

Nyuma yake Wiebren Douma anacheka puani.
Miaka thelathini na minne alikagua hataza za bawaba,
bawaba za milango, za masanduku, za meno ya bandia,
enzi za droo za mbao na kadi za manila
zilizomkata vidole hata akazijua kwa maumivu.
Amestaafu. Wamemwita kwa wiki sita,
wanamlipa kahawa na nauli ya treni,
mashine ichote alichobaki nacho kabla hakijazikwa.

"Kipo," anasema. "Mwaka wa thelathini na moja.
Mswisi. Karatasi ina doa la chai, chai yangu.
Lakini hakusema mtoto. Hakusema kiti.
Wakili alimnong'oneza: ukikitaja kitu kwa jina lake
umekijengea ua mfupi, jirani ataruka.
Basi akaandika: chombo cha kuhimili mzigo hai
juu ya gari la magurudumu mawili."

Mzigo hai.
Tjitske anaandika. Mashine inakohoa,
inatapika vizimba vya kuku, mikokoteni ya nguruwe,
jeneza moja lenye kengele, kwa wasio na hakika,
na kwenye ukurasa wa kumi na tisa, huyo hapo:
mchoro wa wino, mistari myembamba kama nywele,
namba saba bawaba, namba nane mkanda,
namba tisa mahali pa kukanyagia,
na katikati mtoto mwenye kofia ya sufi,
kitu pekee katika karatasi nzima
kisichopewa namba.

Wahenga walimwamuru mtaka cha mvunguni ainame.
Hawakusema afanyeje
ikiwa chini ya kitanda kuna vitanda milioni mia,
na kila aliyeweka kitu
amekiweka kwa jina la kupanga.

Miezi miwili Tjitske haifundishi mashine maneno.
Anaifundisha ukoo:
kwamba kinga ya mvua yenye mbavu ni mwavuli,
kwamba zipu na kifungo walinyonya ziwa moja,
kwamba mchoro una masikio hata pale maandishi yanapodanganya.
Inakosea. Inamwoza birika kwa bunduki.
Anaitenganisha ndoa hiyo, anaanza upya,
Wiebren akimenya chungwa juu ya kibodi
na kusema, hapana, hapana, karibu, hapana.

Kisha siku moja inampata Mswisi peke yake,
ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza.
Hakuna anayepiga makofi.
Maana ombi lililo mezani ni la Ruerd Zijlstra,
fundi baiskeli wa Leeuwarden,
aliyekopa euro elfu kumi na moja kwa kile kiti.
Mashine ya jana, kwa upofu wake, ingemwachia apite.
Ya leo imemwandikia: uvumbuzi wako una babu.

Jibu linakuja Alhamisi, mistari mitatu.
Asanteni. Afadhali sasa kuliko baada ya mkopo wa pili.
Ila huyo Mswisi, bawaba yake ilipiga kelele?

Wiebren anavaa miwani, anashuka hadi aya ya nne,
anasoma taratibu, kidole kikitembea kwenye skrini:
hulia kidogo wakati wa baridi.
"Ya Zijlstra?"
"Anadai iko kimya."
Mzee anavuta kiti karibu.
"Basi tafuta kimya," anasema.
"Tuone waliita nini."

Saa kumi na mbili Tjitske anapanda baiskeli,
upepo wa Desemba unamchapa usoni,
nyuma yake binti, kofia hadi kwenye nyusi,
anahesabu taa kwa sauti na kuruka namba sita.
Kwenye kona ya mfereji kiti kinalia.
Kwa mara ya kwanza anakisikiliza.